Moyo wenye wahaka na hatua za kila siku



Wiki hii naanza na waraka wa mama mmoja mwenye watoto wanne, ambaye ameniruhusu niueleze kwa muhtasari bila kutaja jina lake wala mtaa wake. Anasema kwamba tangu mwaka jana, baada ya mumewe kupunguzwa kazini na karo za watoto kuanza kuchelewa, amekuwa akigutuka usiku wa manane huku moyo ukimwenda mbio, viganja vikitota jasho, na pumzi ikimpanda kana kwamba ametoka kukimbia. Amekwenda hospitali mara tatu. Moyo umepimwa, damu imepimwa, na majibu yametoka salama. Jirani mmoja akamwambia kuwa ana jini. Shemeji yake naye akamwambia, mbele za watu, kwamba mwenye kumtegemea Allah hawezi kuwa na hofu za namna hiyo, basi aitazame upya imani yake.

Tangu siku hiyo mama huyu hakumweleza mtu tena. Ameacha kufundisha watoto madrasa, kwa sababu katika njia ya kwenda huko kuna kilima kidogo, na kila akikipanda moyo hudunda, na ukidunda yeye huona kwamba saa yake imefika. Sasa hatoki nje ila kwa dharura. Mwisho wa waraka ameuliza maswali mawili. La kwanza: je, mimi nina upungufu wa imani? La pili: je, lipo jambo ninaloweza kulifanya mwenyewe, lisilohitaji fedha ambayo sina?

Nimeona niyajibu maswali haya hapa hadharani, kwa kuwa nina yakini kwamba mwenye kuuliza ni mmoja, lakini wenye kulihitaji jibu ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wahaka, na wanawake miongoni mwao walikuwa wengi kuliko wanaume. Bila shaka wamo humo waumini wanaosali na kufunga, wakubwa kwa wadogo.

Hofu si kipimo cha imani

Nianze na swali la kwanza, kwa kuwa nadhani ndilo lililomfunga miguu dada yetu huyu zaidi ya maradhi yenyewe. Mwenye kuisoma Qur'an Tukufu kwa mazingatio atakuta humo habari za waja bora waliofikwa na hofu na huzuni. Mama yake Nabii Musa (A.S), baada ya kumtia mwanawe mtoni, alishikwa na fadhaa hata akakaribia kuitoa siri yake, lau si Allah kuutia nguvu moyo wake. Nabii Musa mwenyewe alihisi hofu nafsini mwake alipoziona kamba na fimbo za wachawi wa Firauni. Nabii Yaaqub (A.S) alimhuzunikia Yusuf hadi macho yake yakapoteza nuru. Hakuna hata mmoja wao aliyehesabiwa na Mola wake kuwa hana imani kwa sababu ya yale yaliyomfika moyoni.

Aidha, Anas bin Malik (R.A) amesimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W) alikuwa akizidisha dua ya kuomba hifadhi ya Allah dhidi ya mambo kadhaa. Katika dua hiyo hutajwa wahaka na huzuni, kisha punde hutajwa kushindwa na uvivu, na baadaye hutajwa mzigo wa madeni. Mimi si mfasiri wa hadithi, na kazi hiyo nawaachia wenyewe. Hata hivyo, kila niisomapo dua hii huvutiwa na ujirani wa maneno yake. Wahaka umewekwa karibu na kulegea kwa mwili, na vyote viwili vimewekwa karibu na deni. Mwenye kuyapitia maisha ya dada yetu atakiri kwamba mambo hayo huja pamoja, tena hulishana.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: kuwa na wahaka si dalili ya kukosa imani, kama vile kuwa na homa si dalili ya kukosa imani. Wahaka ni mtihani, na mtihani huendewa kwa dua pamoja na kushika sababu. Yule bedui aliyeuliza iwapo amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kuwa amemtegemea Allah, aliamrishwa na Mtume (S.A.W) amfunge kwanza, kisha ategemee. Leo nataka tuzungumze juu ya kamba moja ya kumfungia ngamia huyu. Kamba yenyewe ni nyepesi, haina bei, na wengi wetu tunayo nyumbani bila kuitumia. Nayo ni kutembea na kuushughulisha mwili kwa upole, kila siku.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili

Huenda mtu akadhani kwamba kuhusisha viungo vya mwili na utulivu wa nafsi ni fikra ngeni iliyoletwa na wazungu. Sivyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa jirani na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza aliihusisha na afya ya mwili, na ya pili akaihusisha na afya ya nafsi, humo akaeleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi unaojirudia. Msingi wa hoja yake ni kwamba mwili na nafsi ni washirika. Mwili ukiugua, nafsi hupungukiwa na uwezo wake, na nafsi ikiugua, mwili nao hukosa raha na huweza kuugua.

Baada yake akaja Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037. Katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun, aliyaweka mazoezi ya mwili miongoni mwa nguzo kuu za kuhifadhi afya, pamoja na chakula na usingizi. Neno la Kiarabu alilolitumia ni riyadha. Neno hilo ndilo lililotufikia sisi Waswahili kama riadha, ila kwetu limebanwa likabaki kuwa jina la mbio za mashindano. Matokeo yake, mama wa watu wazima akisikia riadha humfikiria kijana mwenye viatu vya mbio, wala hajifikirii yeye na baibui lake akielekea sokoni. Ilhali huko kutembea kwake sokoni ndiko riyadha ya kila siku.

Ni nini kinachotokea mwilini?

Ili tufahamu kwa nini kutembea kunasaidia, yatupasa kwanza tufahamu wahaka unafanya nini. Allah ametuumbia mwilini namna ya king'ora. Mtu akikutana na nyoka njiani, kabla hajapata hata nafasi ya kufikiri, ubongo hupeleka habari kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio ili damu iwahi kufika kwenye misuli. Pumzi huharakishwa, sukari humwagwa katika damu ili iwe nishati, na misuli hukakamaa tayari kwa kukimbia au kupambana. Baadaye homoni nyingine, kotisoli, huuweka mwili katika hali hiyo ya tahadhari. Yote haya ni rehema, kwani pasipo hayo tungeangamia.

Tatizo ni kwamba king'ora hiki hakitofautishi vizuri kati ya nyoka na barua ya karo. Dada yetu akilala huku akiwaza deni la dukani, mwili wake hujiandaa kukimbia vilevile. Lakini atakimbia kwenda wapi? Amelala kitandani. Nishati iliyoandaliwa haitumiki, misuli iliyokaza haipati kazi ya kuilegeza, na moyo unadunda bila safari. Ndipo shingo humuuma, mabega huwa mazito, tumbo huvurugika, na usingizi humruka. Na kesho yake, kwa kuwa hakulala, king'ora huwa chepesi zaidi kulia.

Sasa fikiri mtu huyo anapoinuka akatembea kwa dakika 20. Kwanza, misuli iliyojiandaa hupata kazi, nayo ikishafanya kazi hulegea. Pili, moyo hupanda kidogo wakati wa mwendo na kushuka baada yake, hivyo mwili hujizoeza kila siku namna ya kurudi kwenye utulivu. Tatu, usingizi wa usiku huwa bora. Nne, fikra zilizokuwa zikizunguka mahali pamoja hupata vitu vingine vya kushika: upepo, salamu za watu, mti uliochanua, mtoto anayekimbiza gurudumu. Tafiti nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonesha kwamba mazoezi ya mara kwa mara hupunguza dalili za wahaka. Nafuu nyingine huja siku hiyohiyo, saa chache baada ya mwendo, na nyingine hujengeka kwa wiki kadhaa za kudumu. Sisemi kwamba wahaka utaondoka wote. Nasema unapungua, na kwa mwenye kuteseka, kupungua ni neema kubwa.

Kilima cha madrasa

Lipo jambo la tano, nalo linamhusu zaidi dada yetu na kile kilima chake. Mtu aliyewahi kushikwa na hofu kuu huanza kuuogopa moyo wake mwenyewe. Kila ukidunda, hujiambia kwamba sasa unasimama. Hofu hiyo huuongezea moyo kasi, na kasi ile humzidishia hofu. Basi huanza kukwepa kila kinachouchangamsha moyo: kilima, ngazi, jua, umati, hata kumbeba mtoto. Kwa kitambo kidogo hupata ahueni. Lakini kila anapokwepa, nafsi hujifunza kwamba kilima kile kweli ni hatari, na kesho hofu huwa kubwa kuliko ya jana. Mipaka ya maisha yake hupungua mtaa kwa mtaa, mpaka inabaki nyumba, kisha chumba.

Mwendo mpole hulitengua fundo hili. Mtu akitembea na moyo ukaongeza mapigo, kisha akapumzika na mapigo yakarudi, amejifunza kwa mwili wake mwenyewe kile ambacho maneno ya daktari hayakutosha kumfunza: kwamba moyo kwenda mbio si kufa. Moyo wake umefanya kazi yake tu. Somo hili halipatikani kwa kukaa ndani, na halipatikani kwa siku moja. Hupatikana kwa kurudiwa.

Hapa humkumbuka Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail (A.S), katika bonde lisilo na maji, mwanawe mchanga akilia kwa kiu. Ni mama gani angekuwa na hofu kubwa kuliko hiyo? Alikuwa na yakini kwamba Allah hatawapoteza, na pamoja na yakini hiyo aliinuka akaenda baina ya Safa na Marwa mara saba. Yakini yake haikumketisha chini, wala hofu yake haikumgandisha mahali pamoja. Mahujaji hadi leo hufuata nyayo zake, mwendo wa jumla unaokaribia kilomita 3. Hatuwezi kusema kwamba alitembea ili kutibu wahaka, kwani alikuwa akitafuta msaada kwa ajili ya mwanawe. Lakini tunaweza kusema, kwa adabu, kwamba hatua za mama mwenye hofu si jambo la kudharauliwa katika dini yetu.

Namna ya kuanza

Nijibu sasa swali la pili. Jambo la kwanza ni kuanza na kidogo. Bi Aisha (R.A) amesimulia kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile zenye kudumu, hata zikiwa chache. Kanuni hiyo inafaa mwili pia. Anza na dakika 10 kwa siku, siku tano katika wiki. Wiki ya pili ziwe 15, ya tatu 20, ya nne 25, na ya tano 30. Ukifika hapo, umetimiza dakika 150 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, kwa mazoezi ya nguvu ya wastani. Na katika mwongozo wake wa mwaka 2020, shirika hilo limebainisha kwamba kila mwendo una faida, hata ukiwa mfupi. Mwenye kukosa nusu saa mfululizo na aigawe: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la pili ni kasi. Hatuhitaji kutweta. Mwendo unaofaa ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba kaswida kwa raha. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la tatu ni wakati. Sisi Waislamu tumejaaliwa siku iliyogawanywa na sala tano, na mwenye kuunganisha mwendo wake na sala hatausahau. Kwa wanaume, njia ya msikitini ni riyadha iliyo tayari. Watu wa Bani Salima walipotaka kuhama ili wakae jirani na msikiti wa Madina, Mtume (S.A.W) aliwahimiza wabaki katika makazi yao, na akawajulisha kwamba hatua zao zinaandikwa. Basi wewe unayewasha pikipiki kwenda msikiti ulio mwendo wa dakika saba, umejinyima mambo mawili kwa pamoja. Tahadhari moja tu: tusiigeuze sala yenyewe kuwa mazoezi. Sala ni ibada, na husimamishwa kwa ajili ya Allah. Faida za mwili zinazoambatana nayo ni ziada, hazipaswi kuwa makusudio.

Kwa akina mama, wakati mzuri ni baada ya Alfajiri kukishapambazuka, au baada ya Alasiri jua likipungua ukali. Atembee pamoja na mume, binti, wifi au jirani, kwa usalama na kwa faraja. Hijabu haizuii mwendo. Kinachozuia ni baibui linaloburuta chini na kandambili zilizolika, basi livaliwe baibui la urefu wa kiasi na viatu vinavyoshika mguu. Mwenye kukosa nafasi ya kutoka na azunguke uani kwake, au apande na kushuka ngazi za jengo analoishi. Kumtembelea mgonjwa au shangazi wa mtaa wa pili kwa miguu ni mwendo na ni kuunga udugu. Huko Zanzibar vikundi vya mazoezi ni jambo la kawaida, na kila tarehe 1 Januari hukusanyika kwa matembezi na mazoezi ya pamoja. Akina mama wa mtaa au wa darsa moja wanaweza kuanzisha chao, wakiwa wao kwa wao, bila gharama yoyote.

Mtu ataniuliza: je, kazi za nyumbani hazitoshi? Kufagia uwanja, kufua kwa mikono, kutwanga na kuchota maji ni kazi za mwili, na zinahesabiwa. Lakini mara nyingi mama huzifanya akiwa na haraka, huku akili ikihesabu kile kisichokuwepo jikoni. Mwendo ninaousema una tofauti: kwa dakika hizo chache hakuna anayemwita wala anachokimbilia. Ndiyo maana nasisitiza apewe muda huo, hata kama mchana kutwa hakuketi.

Jambo la nne ni pumzi na ulimi. Unapotembea, vuta pumzi kwa upole kupitia puani, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Utoaji wa pumzi polepole husaidia kutuliza mapigo ya moyo. Mwenye kupenda na aufuatanishe mwendo na dhikri, kwa sauti ya chini. Wahaka ukija njiani usipigane nao wala usiukimbie. Punguza kasi, endelea kutembea, nao utapanda kisha utashuka.

Jambo la tano ni kuandika. Chukua daftari la shule lililobaki na kurasa. Kabla ya kutoka, upe wahaka wako alama kutoka sifuri hadi kumi. Ukirudi, upe alama tena. Baada ya wiki nne soma ulichoandika. Wahaka una tabia ya kumsahaulisha mtu siku zake njema, na daftari litakukumbusha. Ukikosa siku moja au tatu, usijilaumu, anza tena pale ulipoachia. Katika Ramadhani, mwendo mfupi kabla ya kufuturu, au baada ya Tarawehe, unatosha.

Na kuhusu kilima, dada yangu: usikivamie. Wiki mbili za mwanzo tembea mahali tambarare. Wiki ya tatu, nenda na mwenzako hadi chini ya kilima, msimame kidogo, mrudi. Siku nyingine panda hatua ishirini, simama hapohapo, usikimbilie nyumbani, ungoje moyo utulie wenyewe, kisha ushuke. Siku nyingine nusu ya kilima. Hospitali imekwisha kukuthibitishia kwamba moyo wako ni mzima, kwa hiyo unayo ruhusa ya kuuacha udunde.

Kwa walio karibu na mgonjwa

Shemeji uliyetajwa katika waraka huu, na kila aliye mfano wako, nawaomba mnisikilize kwa wema. Najua mlikusudia nasaha. Lakini neno lililosemwa mbele za watu lilimfungia mtu ndani ya nyumba kwa miezi. Nasaha ya kweli ingekuwa kumwambia: twende, mimi na mke wangu tutakusindikiza mpaka madrasa.

Na wewe mume, nafahamu kwamba nawe una mzigo wako, na huenda nawe hulali. Wanaume wetu huita wahaka kwa majina mengine: hasira, ukimya, kukaa kijiweni hadi usiku. Tembeeni pamoja baada ya Alfajiri. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A) wakiwa safarini, mara moja bibi akamshinda, na mara nyingine baadaye bwana akamshinda. Kama aliyekuwa na mzigo wa umma mzima alipata nafasi ya kwenda mbio na mkewe, sisi tunashindwaje kupata dakika 10? Katika mwendo huo msizungumzie madeni. Yatawasubiri nyumbani, hayana mahali pa kwenda.

Mipaka ya tiba hii

Ni amana juu yangu kusema pia yale ambayo mwendo hauwezi. Kwanza, si kila moyo unaokwenda mbio ni wahaka. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na maradhi ya moyo yenyewe huweza kuleta dalili kama hizo. Asiyewahi kupimwa na apimwe kwanza, kama alivyofanya dada yetu. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, sukari, au ujauzito na amuulize daktari kabla ya kuanza. Na yeyote ambaye akitembea hupata maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kuanguka, au kukatikiwa na pumzi kupita kiasi, asimame na aende hospitali.

Pili, wahaka unaodumu kwa wiki nyingi na kumzuia mtu kufanya kazi, kula, kulala au kulea watoto wake, unahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Zipo tiba za mazungumzo na zipo dawa, na anayezitumia asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Ruqya iliyothibiti katika sunna haipingani na daktari, kama vile dua ya msafiri haipingani na kuikagua breki ya gari. Na mtu akianza kusema kwamba heri afe, au kwamba watu wake wangepumzika asingekuwepo, maneno hayo yasichukuliwe kama mzaha wala kama kufuru ya kukemewa. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tatu, mwendo haulipi karo. Mumewe bado atahitaji kazi, na jamaa wenye uwezo bado wana wajibu wa kuwaangalia. Lakini mama aliyelala usiku na kutulia moyo huweza kulikabili deni kwa akili timamu, na mama aliyefungiwa ndani na hofu hawezi.

Dada yangu uliyeandika, kesho baada ya Alfajiri, kukishapambazuka, vaa viatu vyako. Mwamshe binti yako mkubwa akusindikize. Nendeni dakika tano, mrudi dakika tano. Hakuna zaidi ya hilo kwa kesho. Watoto wa madrasa wanakungojea upande wa pili wa kilima, na nina matumaini, inshaallah, kwamba siku moja utaniandikia kuniambia kwamba wamekuona ukitokea juu yake.

Twamwomba Allah awaondolee wahaka wote wenye wahaka, awafungulie riziki wenye dhiki, na ajaalie kila hatua yetu iwe ya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.